Usifute Nyumba Ambayo Hujaifikia

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi ya utafiti, mwanangu, lilikuwa hili: nilifuta nyumba nzima nzima katika hesabu ya mtaa, kwa sababu wenyewe walisema wamelaza watu wengi mno. Sikufanya kwa hila. Nilitaka kazi yangu iwe safi. Ninakuambia mapema, kabla hujaanza kuniheshimu, ili yaliyobaki uyasikilize ukijua ni nani anayesema nawe.

Nakuita mwanangu, na najua unacheka, maana mvi zangu bado zinahesabika. Lakini vijana ninaowafundisha kuuliza maswali nyumba kwa nyumba hapa Kolwezi wananiita Tata Kazadi, yaani Baba Kazadi, na mtu akishaitwa Tata hana budi kusema maneno ya Tata. Tena kuungua hakungoji uzee. Aliyeungua jana anaweza kumwonya rika lake asishike sufuria.

Nilikulia Kapata, katika zile nyumba za safu ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Chuo sikukiona. Hesabu za utafiti nilijifunza mwenyewe nilipokuwa nikiuza unite, yaani vocha za simu, kando ya barabara: mteja akiondoka, narudi kwenye video, video ikikatika, narudi kwenye kitabu cha Kifaransa kisichokuwa na jalada. Nilijifunza vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Lakini asiye na cheti huogopa kosa kuliko mwenye nacho, maana anaona kila kosa litakuwa ushahidi kwamba hakustahili kuketi pale. Ujumbe mfupi wa simu niliusoma mara nyingi kabla ya kuutuma, na nikishautuma niliusoma tena, nikitafuta aibu yangu. Huyo ndiye mtu aliyekabidhiwa hesabu ya mtaa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja dogo lilipata fedha za kuchimba kisima kirefu chenye bomba katika mtaa mmoja wa upande wa Kasulo. Kisima kimoja tu. Unaijua Kasulo: watu walichimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, ardhi ikawa mashimo juu ya mashimo, na maji ya kunywa yakachotwa kwenye visima vifupi vilivyo jirani na mashimo hayo na vyoo. Mtaa huo una upande wa juu na upande wa chini, na kila upande uliona bomba ni haki yake. Ndipo shirika likasema, tusigombane, tufanye utafiti. Upande wenye watu wengi zaidi wanaotegemea visima vifupi ndio utakaopata.

Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Mama Ngoie. Ujana wake wote aliupitisha maabara, akipima mawe ya mgodini kujua yana shaba kiasi gani, na baada ya kuacha kazi hiyo alisimamia tafiti za chakula, za afya, za shule. Aliwatuma vijana mitaani na tableti. Mimi nilipewa kompyuta na kazi ya kuchambua majibu. Kati ya maswali yale kulikuwa na moja linaloulizwa karibu katika kila utafiti wa kaya: ni watu wangapi walilala katika nyumba hii usiku wa jana? Ni swali zuri. Ukimwuliza mtu ana familia ya watu wangapi, atakuhesabia na mjomba aliyeko Likasi, kisha atamsahau mpangaji wa chumba cha nyuma. Ukimwuliza waliolala, anakumbuka miili.

Majibu yalipofika niliona jambo lililonikera. Upande wa chini, nyumba chache za vyumba viwili viwili zilisema zimelaza watu arobaini, nyingine hata zaidi. Na jirani zao, ukuta kwa ukuta, zilisema hakuna aliyelala. Sifuri. Baba, mama, watoto, wote sifuri. Nilipochora mchoro, nguzo za nyumba zile zilisimama zenyewe kama chimni za kiwanda katikati ya nyasi, na zilizobaki zikawa fupi mpaka hazisomeki.

Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Vitabu vinasema jibu lililo mbali sana na mengine lichunguzwe, linaweza kuwa kosa. Mimi nilisoma neno kosa, neno lichunguzwe nikaliruka. Nilimpigia simu Kalenga, kijana aliyefanya kazi upande ule, mcheshi wa kundi, nikamwuliza kama alijaza majibu akiwa ameketi baa. Kalenga akajibu taratibu kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, kile kinachosema batu badala ya watu, "Tata, mi niliandika bile baliniambia. Kama banadanganya, basi balikutana bote kwanza bakapatana."

Niliuchukua mzaha wake kama ukaidi. Nikazifuta nyumba zilizojaa, nikazifuta na zile za sifuri. Mchoro ukanyooka. Upande wa juu ukaonekana una watu wengi, kwenye karatasi bomba likaenda juu, na mimi nikaanza kuhangaikia rangi za nguzo, niwape upande wa juu buluu au kijani. Kwa furaha nikamdokezea mkubwa wa mtaa matokeo kabla ya mkutano wa Jumamosi wa kuyatangaza. Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Nilikuwa nimeling'arisha jembe hata nikasahau kwamba kuna shamba.

Alhamisi nikampelekea Mama Ngoie kazi yangu nyumbani kwake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ua wa nyuma akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu, kwa ajili ya kutwanga. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma karatasi zote. Alirudi ukurasa wa mwanzo, ule wenye idadi ya nyumba. Kisha akaniuliza nyumba zilizokosekana zimekwenda wapi.

Nikamweleza kwa maneno makubwa niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Batu makumi ine mu nyumba ya byumba bibili," akasema. "Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ni makosa, Mama."

"Ulifikiri. Uliuliza?"

"Nilimwuliza Kalenga."

"Kalenga ulimushitaki. Mi naongelea kuuliza. Ulifika kule?"

Ukweli, ninaokuungamia na wewe, ni kwamba sikuwa nimekanyaga mtaa ule hata mara moja. Niliogopa. Niliogopa kubisha mlango wa mtu, niliogopa anijibu vibaya, niliogopa nisahau mpangilio wa maswali. Kwenye kompyuta hakuna anayekutazama usoni. Nilijiambia kwamba kila mtu ana kazi yake, wao miguu, mimi kichwa. Kumbe kichwa kilikuwa kimejificha nyuma ya miguu ya wengine.

Mama Ngoie hakupandisha sauti. Aliendelea na majani yake, akanisimulia jambo la maabara. Siku moja, alisema, kati ya mawe mengi ya shimo moja kulikuwa na jiwe lililotoa shaba kupita yote. Kijana mwenzake akasema litupwe, chombo kilikuwa kichafu. Mkubwa wao akaagiza chombo kioshwe, jiwe lipimwe upya. Likasema lilelile.

"Njo tukarudi ku shimo kwenye ilitoka," akasema. "Tukakuta ni pale mushipa wa shaba unapita. Mengine yote yalikuwa mawe tu. Kazadi, jiwe inayosema tofauti, unaipima tena, kisha unaifuata kwao. Kutupa ni mwisho kabisa. We umeanza na mwisho."

Kisha akaniambia nije asubuhi, nivae viatu vya kutembea, na kompyuta niiache nyumbani.

Tukaenda watatu, yeye, mimi na Kalenga. Kalenga alikuwa na haki ya kuninunia lakini hakuninunia. Aliniuliza tu kama viatu vyangu vinajua njia. Nyumba ya kwanza niliyoifuta ilikuwa ya Mama Mujinga. Lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba, lilikuwa limefagiwa, lakini katikati kulikuwa na majivu mengi ya moto mkubwa, na ukutani viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa kimoja juu ya kingine vikingoja mwenyewe avichukue. Mama Mujinga aliketi mkekani, kitenge amekifunga kichwani mpaka kwenye nyusi.

Kabla sijaelewa, Mama Ngoie alikuwa ameshavua viatu na kuketi mkekani karibu naye. Hakuuliza kitu. Alimshika mkono, akatoa pole. Kalenga naye akaketi chini. Mimi nilibaki nimesimama kama mlingoti, mpaka nikaona aibu nami nikaketi.

Kilikuwa kilio, mwanangu. Matanga. Mtoto wake wa pili alikuwa amekufa, na wewe unajua desturi yetu: mtu akifiwa haachwi peke yake. Jirani anafunga mlango wake, anachukua mkeka na watoto, anakwenda kulala nje ya nyumba ya mfiwa karibu na moto. Ndugu wanatoka mitaa mingine, wanakwaya wanakuja kuimba. Ndiyo maana nyumba moja ililaza watu arobaini na jirani zake sifuri; upande wa juu ulikuwa umeulizwa kabla ya vilio hivyo. Mimi mwenyewe, tulipofiwa na baba kule Kapata, nililala uani kati ya watu wengi ambao majina yao siyajui hadi leo. Nilikuwa nayajua yote hayo tangu utoto. Lakini nilipoketi mbele ya kompyuta nilijigeuza mgeni wa mila zangu mwenyewe.

Kalenga alieleza kwamba swali lilisema usiku wa jana, naye aliandika usiku wa jana. Mama Mujinga aliniangalia kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni we unahesabu batu bila kubaona," akasema.

Mama Ngoie ndiye aliyeona lililo kubwa kuliko aibu yangu. Aliuliza polepole zile nyumba nyingine zilizojaa, za barabara hiyohiyo, nazo zilikuwa na nini. Mama Mujinga akasema nazo ni kilio, mmoja mtoto, mwingine mzee, wote wiki ile. Waliumwa tumbo, wakaharisha, wakaishiwa nguvu. Na Gracia, mdogo wa yule mtoto aliyekufa, alikuwa amelala ndani tangu alfajiri na hakutaka hata uji.

Utafiti wetu haukuwa na swali la kifo. Tulikuwa tumeuliza maji na tukauliza watu. Kifo kilijiingiza chenyewe kupitia swali la kulala, kikatupungia mkono, nami nikakifuta ili nguzo zangu zilingane. Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa wenyewe hawakuficha kitu. Walitoka nje wakalia, walipoulizwa wakajibu. Aliyekificha kilio ni mimi.

"Munakunywa mayi ya wapi?" Mama Ngoie akauliza.

Mama Mujinga alituonyesha kisima cha nyuma, kinachotumiwa na barabara nzima. Mvua za mwezi ule zilikuwa zimebomoa choo kimoja kilicho juu yake kidogo, na maji yalikuwa na harufu. Mama Ngoie alimpigia simu muuguzi wa kituo cha afya palepale uani. Kalenga akambeba Gracia mgongoni, nami nikambebea mama yake mkoba, kwa sababu hicho ndicho kitu cha pekee nilichoweza kukifanya bila kukiharibu. Siku hiyohiyo watu wa afya walikuja kuchukua maji ya kupima na kukataza yasinywewe, na vijana wa mtaa wakakifunika kisima kwa mbao na mawe. Gracia alikaa kituoni siku chache akatundikiwa dawa, akarudi nyumbani akidai maandazi. Kaka yake alikuwa ameshakwenda kabla sijafungua kompyuta, na hilo siwezi kujitwika. Ila najua wazi kwamba kama karatasi zangu zingepita, upande wa chini ungeendelea kuchota palepale, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini.

Bado ulikuwepo mkutano wa Jumamosi. Nilirudisha nyumba zote. Kwa nyumba za kilio tuliuliza wakazi wa kawaida, na kwa nyumba za sifuri tuliwafuata wenyewe. Hesabu ikatoka: upande wa chini ndio wenye watu wengi zaidi kwenye visima vifupi, tena ndio waliokuwa wagonjwa. Nilimwomba Mama Ngoie asome yeye. Akasema aliyefuta ndiye atakayerudisha, tena hadharani.

Watu walijaa kwenye ua wa kanisa, na upande wa juu walikuja wakitabasamu, maana domo langu lilikuwa limewafikia. Nilisimama. Nilisema nilikosea, nikaeleza nilivyokosea, nikasema bomba linapaswa kuwa chini. Tata Mwamba, muuza makaa wa upande wa juu, mtu wa kifua kipana na ulimi mwepesi, hakungoja nimalize.

"Juzi kompyuta yako ilisema juu," akasema. "Leo inasema chini. Kesho itasema kule Lubudi?"

Watu wakacheka, na hata mimi ningecheka kama ningekuwa nimeketi. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa na karatasi yenye takwimu nzuri mkononi, nikaona haitanisaidia. Nikaiweka mezani.

"Tata Mwamba, na heshima yote," nikasema. "Kilio ya mutoto wa Mama Mujinga, ulilala wapi?"

"Swali gani hiyo? Kule kule. Bote tulilala kule. Sisi si banyama."

"Na mayi ya kunywa ilitoka wapi?"

Mke wa Tata Mwamba aliyekuwa nyuma yake alimtazama, kisha akawatazama watoto wao. Mnong'ono ulipita upande wa juu, kila mama akikumbuka kikombe alichompa mtoto wake uani kwa mfiwa. Ndipo nikasema jambo ambalo sikuliandika popote: kwamba katika mtaa huu hakuna kisima cha upande mmoja. Kwa kuwa mnalala kwenye vilio vya wenzenu, maji ya chini ni maji ya wote.

Tata Mwamba alikuna shingo. "Muchimbe kule chini," akasema. "Lakini mutuachie njia ya kupitisha bidoni zetu. Na huyu kijana mumupe soda, karibu aanguke."

Bomba likachimbwa chini, na njia ya mikokoteni ya madumu ikaachwa.

Sasa nikupe ushauri wangu wazi, mwanangu, maana sitaki utoke hapa ukidhani nimekusimulia habari ya maji tu. Kazi hii ya kuuliza na kuchambua utaikuta kila mahali. Nimeifanya Lubudi kwa wanaonunua mahindi: mama mmoja alisema hakuvuna hata gunia moja, na juu ya nyumba yake kulikuwa na bati mpya. Ningeweza kumwita mwongo. Nilipomfikia nikakuta ameyauza mahindi yote yakiwa mabichi, ameyachemsha na kuwauzia abiria wa treni iliyokwama stesheni. Yeye ndiye aliyepata faida kuliko wote, na kwenye karatasi alikuwa sifuri. Parokia moja nayo iliniomba nijue kwa nini vijana wanapungua kwenye misa, mapadre wakiogopa imani imepoa. Imani haikupoa. Saa ya misa ilikuwa saa wachimbaji wanapotoka shimoni. Shamba, kisima, kanisa, jiwe la shaba: maswali yanabadilika, adabu ni moja.

Adabu yenyewe ndiyo hii. Jibu linalokushangaza ni mgeni aliyebisha mlango. Mkaribishe kwanza, mwulize atokako, ndipo uamue kama ni mwongo. Usimshuku aliyekuletea habari kwa sababu tu habari imeharibu mchoro wako. Usichambue maisha ya mtaa ambao hujasikia harufu yake, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, rudisha ulichofuta mbele ya walewale uliowaambia, usirudishe kichinichini. Wewe unayetetemeka kabla ya kutuma kazi yako, ninakujua, nami ni ndugu yako. Hofu hiyo usiitupe. Ielekeze kwingine: badala ya kuogopa kuonekana mjinga, ogopa kumsahau mtu.

Mungu akupe masikio marefu kuliko ulimi, na miguu isiyochoka kurudi palipo na shaka. Watu wakufungulie milango. Wakikujibu, jibu lao lifike salama mpaka mwisho wa kazi yako.

Tangu siku ile ninaogopa bado, lakini kila utafiti ninaochambua nimeutembelea kwanza kwa miguu yangu, na sijafuta tena nyumba ya mtu kabla ya kuketi uani kwake.